Nimepata chuo kidogo kaskazini mwa Uingereza, niende?

SWALI: Asalaam alaykum bibi. Mie nasomesha Kiingereza skuli moja hapa Wete, nna miaka 26. Nimepata nafasi ya masta ya fasihi ya Kiingereza, mwaka mmoja, chuo kidogo tu kaskazini mwa Uingereza, na skolashipu juu. Baba anasema fasihi itanlipa nini bora ningesoma sheria, na wenzangu wanasema kama si London au Oxford hamna haja, chuo chenyewe hawajapata hata kukiskia. Nimechanganyikiwa. — Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Nenda, ila kwanza kaa uisome tena hiyo barua ya skolashipu. Kama inalipa ada, nauli, kula na kulala, alhamdulillahi. Kama ni punguzo la ada tu basi ngoja mwakani uombe nyengine, usimwache baba akauza shamba la mikarafuu, maana viza ya mwanafunzi inakupa kazi masaa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo na masaa hayo hayalipi ada.

Sasa hilo la udogo wa chuo. Mie nimesoma huko huko kaskazini, chuo kidogo, semina yetu watu 8. Wiki ya kwanza nlikaa kimya kama tulivofunzwa skuli, mtoto mwenye adabu hasemi mpaka aulizwe. Wiki ya pili tukawa tunasoma zile nyimbo za kale za mpakani na Scotland, ubeti mistari 4, na mie nahesabu kwa vidole chini ya meza kama alivokuwa akihesabu bibi yangu akisikiliza shairi. Mwalimu akaviona vidole, akauliza unahesabu nini. Nkamwambia kwetu mshororo una mizani 16, 8 huku 8 huku, kina cha kati na kina cha mwisho, huu wenu wa kwanza mrefu wa pili mfupi na kina nakiona wa pili na wa nne tu, mbona ile miwili mmeiacha mitupu? Akanambia wao hapo hawahesabu silabi, wanahesabu mkazo, 4 halafu 3, na saa nzima iliobaki ikaishia hapo hapo, darasa zima linagonga meza kwa vidole. Ukumbi wa watu 200 nani angeviona vidole vyangu?

Af kuna lugha yenyewe. Utakutana na Kiingereza ambacho hukukisomesha, kikombe kwao ni kup, kwa u hii hii yetu, na watu wa kusini huwacheka kwa hilo. Weye mtu wa Wete, ukishuka bandarini Unguja mara ngapi umechekwa kwa Kipemba chako? Ile kamati ya lugha ya 1930 ilijenga Kiswahili cha vitabuni juu ya Kiunguja, chetu kikabaki kuitwa lahaja, kwahiyo ukisoma mshairi wa kaskazini alieandika kwa lafudhi ya kwao utamuelewa kwa undani ambao mwenzako wa London itabidi aufunzwe. Mie ningekuwa wewe ningeandikia tasnifu hilo hilo.

Baba usibishane nae. Mwambie Abdulrazak Gurnah kazaliwa Unguja 1948, kasomesha fasihi hiyo hiyo chuo kikuu cha Kent miaka mingi, na 2021 akapewa Nobel. Halafu mwambie unarudi kusomesha Pemba, kama kweli unarudi, kwa sababu watoto wetu wanapasi Kiingereza cha mtihani na hawajapata kusoma hadithi moja mpaka mwisho kwa kuipenda, na hilo linaniuma sana.

Jengine ni baridi. Sie kaskazi ikivuma ni joto, huko kaskazini yao ni mambo mengine, na Disemba jua linazama kabla ya saa kumi, unatoka darasani mchana laasiri ishakupita kama hukujipanga. Koti usinunue Darajani, nunua huko huko kwenye maduka ya mitumba, na chukua refu linalofunika magoti.