Siku moja, kumbukumbu mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tulilelewa katika nyumba moja na baba mmoja, ambaye sasa ni marehemu. Kila tukikutana, kaka husimulia siku baba alipotufundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yetu huku ameshika kiti, hadi yeye akaweza kwenda peke yake. Mimi siku hiyo hiyo naikumbuka kwa kofi nililopigwa baada ya kuanguka na kupinda gurudumu. Kaka anashikilia kwamba kofi hilo halikuwapo. Je, ananidanganya, au anajidanganya mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, sidhani kama kuna mwongo kati yenu. Akili haihifadhi siku nzima. Huokota vipande vichache, na kila tunapoikumbuka siku hiyo huviunga upya, ikiziba mapengo kwa yale tunayoyaamini leo.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo naona linawahusu. Watu walitumbukiza mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Mara nyingine walivumilia sekunde 60 kama hizo, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangekubali kurudia lipi, watu 22 kati ya 32 walichagua zoezi refu, ingawa ndilo lililowaumiza kwa muda mrefu zaidi. Kilichowakaa ni namna maumivu yalivyoishia. Sasa itazame siku yenu: ya kaka iliishia akiwa juu ya baiskeli, yako ikaishia kwa kofi.

Kisha kuna masimulizi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa kukumbuka mara kwa mara sehemu moja ya mambo yanayohusiana huifanya sehemu isiyoguswa isahaulike zaidi. Kaka amesimulia kiti cha baiskeli kwa miaka mingi. Huenda kofi limefifia humo humo, bila yeye kukusudia.

Hata hivyo, nisikupendelee. Kuona jambo waziwazi kichwani si ushahidi kwamba lilitokea hivyo. Mwaka 1974, nchini Marekani, watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 walioulizwa mwendo wa magari “yalipopondana” walisema waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kuhusu “kugongana” tu, ni 7 waliosema hivyo. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Neno moja tu la muulizaji lilitosha.

Ushauri wangu ni huu: kabla hamjabishana tena, kila mmoja aandike peke yake yote anayoyakumbuka, hata madogo, kama mavazi, hali ya hewa na nani alikuwapo, ndipo mbadilishane karatasi. Msianze na kofi. Kaka akiwa ameandika lolote kuhusu gurudumu lililopinda, mwombe akueleze lilipindaje, na baba alisema nini alipoliona.