Biskuti za Krismasi kwa anayepunguza uzito: anza na mizani, sukari baadaye

Piga hesabu kabla hujawasha oveni. Mapishi ya kawaida ya biskuti za siagi huwa hivi: unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 150, sukari gramu 150, yai moja. Donge zima lina kalori kama 2,600. Ukilikata vipande 20 vya gramu 30, kila biskuti ina kalori 130 hivi, na hapo bado hujaipaka sukari ya juu.

Sasa shusha siagi hadi gramu 90 na sukari hadi gramu 80. Kwa biskuti ya ukubwa uleule, umeokoa kalori 10 hivi tu. Lakini lile donge la kwanza, bila kuguswa, likikatwa vipande vya gramu 20, kila biskuti inashuka hadi kalori 88. Ukubwa peke yake umekuokolea zaidi ya 40. Fanya yote mawili na unafika kalori 80. Watu wengi huhangaika na viungo vya bei ghali na kusahau kisu, ilhali kisu ndicho kinachofanya kazi kubwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua unga wa lozi, nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu mojamoja. Kikombe hakitoshi. Ukichota unga kwa kuchovya kikombe ndani ya pakiti, unaweza kubeba gramu 150. Kikombe hichohicho ukikijaza polepole kwa kijiko kinabeba 120. Kwa vikombe viwili hiyo ni tofauti ya gramu 60, inayotosha kuigeuza biskuti laini kuwa kitu kisichotafunika mpaka kilowe kwenye chai.

Sukari tunaipunguza kwa sababu nyingine pia, nayo ni Nairobi yenyewe. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndani ya oveni maji ya donge hutoka haraka, sukari inayobaki inakolea, na sukari iliyokolea hulegeza biskuti kabla haijashika umbo. Hewa nayo ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya beking poda hutanuka kupita kiasi: biskuti inaumuka upesi, kisha inabonyea katikati. Mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaookea maeneo ya chini. Ukiyafuata kama yalivyo hapa Nairobi, nyota ya Krismasi inatoka ikiwa duara bapa lenye kingo zilizoungua. Robo ya sukari ungeiondoa hata kama huna kilo ya kupunguza, na beking poda ungeikata nusu. Ndiyo maana unga wa kujipandisha haufai kwa biskuti hizi. Beking poda imo tayari na huwezi kuitoa.

Siagi ina kikomo chake. Kazi yake ni kuzizunguka chembe za unga ili maji yasizifikie zote. Maji yakikutana na unga wa ngano na mwiko ukaendelea kuzunguka, unajenga ule mvutano unaoutaka kwenye chapati na usioutaka kabisa kwenye biskuti. Usishuke chini ya theluthi moja ya uzito wa unga. Wapo wanaoondoa siagi yote na kuweka ndizi mbivu au tufaha lililopondwa. Hicho kinachotoka ni kikeki kidogo, laini, kinachoanza kunata kesho yake. Ukipenda ladha ya ndizi, kwenye yale mapishi ya siagi gramu 150 badilisha gramu 30 tu za siagi kwa gramu 30 za ndizi iliyopondwa, uzimalize ndani ya siku mbili. Majarini laini ya kupaka mkate ni mtego mwingine. Soma lebo: ile yenye mafuta machache imejazwa maji, na maji hayo yatatandaza biskuti kwanza kisha yaifanye ngumu.

Na kuna vitu vinavyosifiwa kuwa vya afya ambavyo havina wepesi wowote. Sukari ya kahawia na sukari nyeupe zina kalori karibu sawa. Asali ina pungufu kidogo kwa uzito, lakini ni majimaji na huungua haraka. Nazi kavu iliyokunwa ina kalori kama 650 kwa gramu 100, karanga kama 570, na makadamia inakaribia siagi kabisa. Ni vyakula vizuri. Viweke kidogo juu ya biskuti, pale macho na ulimi vinapovikuta kwanza, usivichanganye kwa ukarimu ndani ya donge.

Kipimo cha biskuti 24 ni hiki. Unga wa ngano mweupe gramu 200, unga wa wimbi gramu 50, siagi gramu 90, sukari gramu 80, yai moja, maziwa kijiko kikubwa kimoja, beking poda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai kimoja, tangawizi ya unga kijiko cha chai kimoja, mdalasini nusu kijiko cha chai, vanila matone machache, na ganda la chungwa moja lililokunwa sehemu ya rangi tu, bila ule weupe mchungu.

Viungo hivi usivipunguze. Sukari ikipungua, harufu ndiyo inayoziba pengo. Iliki na vanila hufanya pua itarajie utamu, na chumvi huufanya utamu uliopo usikike. Nunua iliki nzima kwenye maduka ya viungo ya Ngara au Parklands, toa mbegu, uzitwange siku hiyohiyo. Mbegu nzuri ni nyeusi na zinanata kidogo vidoleni. Zikiwa za kijivu na kavu, zimekwisha nguvu.

Wimbi haupunguzi kalori. Uko hapa kwa ladha yake ya udongo wa mvua, rangi ya hudhurungi na nyuzinyuzi. Hakikisha ni wimbi mtupu. Unga mwingi wa uji mjini umechanganywa na mahindi, mtama, muhogo au soya, na kila kimoja kinanyonya maji kivyake. Ukinunua nafaka Nyamakima na kusagisha, mwombe mwenye kinu asage laini, kisha uchekeche tena nyumbani kwa chekecheo la matundu madogo. Usizidishe gramu 50. Wimbi hauna ule mvutano wa ngano, na ukizidi biskuti inamumunyuka kama mchanga.

Toa siagi kwenye friji nusu saa kabla. Iko tayari ukiibonyeza na kidole kikaacha alama bila siagi kung'aa. Iking'aa imeanza kuyeyuka, irudishe. Ipige pamoja na sukari kwa dakika mbili, zisizidi. Kwenye keki unapiga ili uingize hewa, lakini hapa hewa hiyo itaumuka na kubonyea. Weka yai ambalo si baridi. Mchanganyiko ukikatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda, ongeza kijiko cha unga na utaungana. Chekecha unga wote na viungo vya unga, mimina, ongeza maziwa, vanila na ganda la chungwa, kisha korogea kwa mwiko mpaka usione unga mkavu. Acha hapo. Kila mzunguko wa ziada unakuongezea ugumu.

Lifinyange donge liwe gogo lenye unene wa sentimita nne na nusu, lifunge kwa karatasi ya kuokea, liweke kwenye friji saa moja. Saa hiyo si ya kuruka. Siagi inaganda upya na wimbi unapata muda wa kunywa maji. Ukiokea mara moja utasikia chengachenga ulimini. Gogo likiwa na urefu wa sentimita 24 hivi, kila kipande cha sentimita moja ni karibu gramu 20. Pima vitatu vya kwanza kwenye mizani, jicho lako litashika vinavyofuata. Ukitaka nyota na miti, sukuma donge kati ya karatasi mbili kwa kifimbo cha chapati mpaka lifikie milimita tano. Usinyunyizie unga mezani kama wa chapati, maana unga huo wote unaingia kwenye biskuti.

Jihadhari na kulamba mwiko. Kijiko kikubwa cha donge ni gramu 15, yaani kalori 60, na ndani yake mna yai bichi na unga mbichi, ambavyo vyote vinaweza kubeba vijidudu.

Oveni iwe nyuzi 180 na iwe imewaka dakika 15 kamili kabla. Mapishi yako mengine yakisema 170, hapa Nairobi panda hadi 180 ili biskuti ishike umbo kabla haijatandaa. Dakika 10 hadi 12 zinatosha. Usingoje rangi juu: sukari ikiwa kidogo biskuti haigeuki kahawia vizuri, na wimbi nao unaficha rangi. Inua moja kwa kisu uangalie chini. Ukingo ukiwa umekauka na chini pana rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, toa, hata kama katikati panabonyea ukipagusa. Itakauka ikipoa. Iache kwenye trei dakika tano ndipo uihamishie kwenye wavu.

Oveni nyingi za gesi hutoa moto kutoka chini pekee, na chini ndiko kunakoungua. Weka trei mbili, moja juu ya nyingine, na uigeuze mbele nyuma dakika ya saba. Kwa jiko la makaa, tumia sufuria nzito yenye mchanga safi chini, weka kigae au kitu cha kuinulia sahani ya bati, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Oka sita kwa mara moja na uchungulie kuanzia dakika ya kumi. Kila ukifunua moto unapotea, kwa hiyo chungulia kwa haraka.

Biskuti zikitandaa, siagi ilikuwa laini mno au umepanga donge kwenye trei ambayo bado ina moto wa mkupuo uliopita. Hilo la trei ndilo kosa la watu wengi. Ipooze kwa maji, uifute. Zikikataa kutandaa kabisa na kupasuka juu, unga umezidi. Zikiwa na ladha kama ya sabuni, umetumia baking soda badala ya beking poda, kosa jepesi kwa sababu mikebe inafanana.

Pambo la juu linaweza kufuta kazi yote. Sukari laini gramu 10 kwa kila biskuti ni kalori karibu 40, nusu ya biskuti yenyewe. Changanya gramu 60 na vijiko viwili vya chai vya maji ya limau, uchore mistari myembamba juu ya zote 24. Hapo kila moja inaongeza kalori 10 tu, na ukali wa limau unapendeza na tangawizi.

Kuna jambo ninalolitilia mkazo kuliko mapishi: usioke zote. Trei nzima ni kalori zaidi ya 1,900, na kwa anayepunguza uzito hicho ni karibu chakula cha siku nzima kilichokaa kwenye mkebe wazi jikoni. Weka gogo kwenye friza. Linakaa vizuri miezi miwili. Mgeni akipiga hodi, kata vipande sita vikiwa vimeganda na uongeze dakika mbili kwenye oveni. Watu watakula biskuti za moto na hakutakuwa na mabaki ya kukuita usiku.

Biskuti mbili ni kalori 160, hesabu rahisi. Kinachosahaulika ni chai. Kikombe chenye maziwa mengi na vijiko viwili vilivyojaa vya sukari kinafika zaidi ya kalori 100. Weka sukari kwenye biskuti, chai inywe ya tangawizi bila sukari. Utashangaa jinsi biskuti inavyoonekana tamu zaidi. Na ule siku iliyopangwa, umekaa, kwenye sahani. Ukiruka chakula cha mchana ili "ulipie" biskuti, saa kumi jioni utazila sita.

Kama unazipeleka ushago, yaani nyumbani kijijini, zipoe kabisa kwanza, angalau saa moja. Zikifungwa na joto, mvuke unabaki ndani ya mkebe na kufikia Nakuru zimeshalainika. Panga zikisimama kwa ubavu, zibane kwa karatasi zisigongane kwenye matuta, na ukiweka machungwa au keki kwenye begi hilohilo, mkebe wa biskuti ufungwe peke yake. Zikilainika hata hivyo, dakika tano kwenye nyuzi 150 zinazirudisha.