Nyuki wakihama, usikimbilie dawa

Septemba ya mwaka juzi, mizinga sita kati ya kumi niliyotundika kwenye migunga huku kwetu Kitui ilibaki mitupu. Nilipoeleza dukani, muuzaji hakuuliza hata swali moja. "Hiyo ni varoa," akasema, akimaanisha utitiri wanaoshambulia nyuki, akaniuzia vipande vya dawa. Nikavitia kwenye minne iliyosalia. Wiki tatu baadaye miwili ikahamwa tena, na fedha za karo zilikuwa zimeishia pale.

Mpwa wangu yuko chuo kikuu, na utafiti wake wa mwaka wa mwisho ni afya ya nyuki. Alipokuja likizo hakuleta dawa yoyote. Alileta mtungi wenye kifuniko cha wavu, sukari laini ya unga na sahani nyeupe. Jioni tukavaa mavazi, tukapuliza moshi, akainua sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki, na kuhakikisha malkia hayupo, kisha akakung'utia mtungini nyuki nusu kikombe, yaani kama 300. Akatia vijiko viwili vya sukari, akasubiri dakika mbili, akatikisa juu ya sahani yenye maji. Sukari ikayeyuka. Vikabaki vidoa vinne vya rangi ya kahawia, vidogo kama kichwa cha pini. Hao ndio utitiri wa varoa. Nyuki wakarudi mzingani wazima, weupe kama watu waliotoka kusaga unga.

"Wanne kwa nyuki 300, mjomba. Hawa hawajahamisha mtu."

Ndipo akaomba kuona mizinga mitupu. Masega yalikuwa safi, bila tone la asali wala chavua. Akanieleza kwamba kundi lililouawa na maradhi huacha majana yaliyooza na mizoga chini, lakini lenye njaa husimamisha uzazi, hula akiba yote, kisha huondoka. Nilinyamaza, kwa sababu Julai nilivuna kila sega la asali, na kijito kilikauka Agosti.

Alinisimulia pia utafiti uliofanywa mwaka 2010 na wanasayansi wa Kenya na Marekani kwenye vituo 24 vya nyuki nchini kwetu. Varoa walikutwa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini makundi yenye utitiri hayakuwa madogo kuliko mengine. Nyuki wetu wanastahimili. Ukiwatia dawa ovyo unawaondolea nafasi ya kujipigania, na dawa nyingi za utitiri hunywewa na nta zikabaki humo. Nta hiyo ndiyo niliyokuwa nikiuza! Niliiyeyusha na kuifukia.

Kwa hiyo wewe unayeanza, jifunze kuhesabu kabla ya kununua chochote. Ukiwa na mzinga wa KTBH (Kenya Top Bar Hive, ambao kila sega huning'inia kwenye kijiti chake) huna kisingizio. Ulibuniwa hapa Kenya miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, na faida yake ninayoithamini zaidi ni kwamba sega linainuliwa na kurudishwa bila kukatwa. Lichunguze. Hesabu mwanzo wa mvua na mwanzo wa kiangazi, uandike daftarini. Viwango vya hatari vilivyowekwa kwa nyuki wa Ulaya na Marekani usivichukue kama vilivyo. Linganisha mzinga wako na jirani yake, na hali yake ya msimu uliopita.

Mimi sasa naacha masega manne ya asali kila mzinga, na chini ya migunga kuna karai la maji lenye vijiti vya kutua. Septemba iliyopita mizinga saba ilibaki na nyuki.

Kama kuna chuo karibu nawe chenye idara ya kilimo au ya wadudu, nenda ukaulize kama kuna mwanafunzi anayetafuta mizinga ya kufanyia utafiti. Wengi hukosa mahali. Mpe chai, mlipie bodaboda, na umsimamie karibu anapohesabu.