Barua kwa mwanangu: Radha anapozima taa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo. Kaka yako na watoto wake wamesharudi Dar, shule zimefunguliwa, na nyumba imeingia kimya ambacho bado sijakizoea. Leo baada ya alasiri nimekaa barazani na daftari nikujibu lile uliloniuliza kwenye simu: "Mama, likizo hii mmetazama nini, mmesikiliza nini, na kipi kimekugusa? Na usinijibu vyote vizuri." Ulinibana. Kwenye simu ningekujibu hivyo hivyo, vyote vizuri, na si kweli. Ndiyo maana nimeandika. Mtoto wa jirani ataipiga picha barua hii akutumie huko Muscat.

Kilichonigusa kuliko vyote ni picha ya zamani ya Kihindi, Sholay. Kaka yako alikuja nayo kwenye flashi, akasema watoto lazima waione kwa sababu yeye aliiona mapajani mwangu. Mimi mara ya kwanza niliiona Majestic, pale mjini, nikiwa binti. Marehemu baba yako alikuwa ukumbini siku hiyo hiyo, safu kadhaa nyuma, na tulikuwa hatujaposana. Tulikuwa tukijuana kwa macho tu. Picha ile ni ndefu, inapita saa 3, na Kihindi hatukijui, lakini hakuna aliyetoka. Watu walicheka panapochekwa na kunyamaza panaponyamazwa. Sisi wa pwani tulizikulia picha hizo. Hata mahadhi yake yaliingia kwenye taarabu yetu. Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua sauti za Kihindi akazivika maneno ya Kiswahili, mpaka mtu anaimba harusini hajui kuwa sauti ile ilitoka kwenye filamu.

Wakati ule nilimpenda Basanti, yule msichana mwenye gari la farasi, ambaye mdomo haufungi. Sote wasichana wa mtaani tulitaka kuwa Basanti. Anaendesha gari lake mwenyewe, anambishia mwanamume yeyote, na mwisho anacheza juu ya vipande vya chupa kumwokoa mpenzi wake. Radha sikumwona kabisa. Nilimchukulia kama mtu wa kujaza picha, mjane mwenye nguo nyeupe anayepita nyuma ya wengine.

Safari hii sikumwona mwingine ila yeye.

Nikukumbushe, maana uliitazama ungali mdogo. Radha ni mkwe wa yule mzee, Thakur. Jambazi Gabbar ameua karibu nyumba nzima, na mumewe Radha ni miongoni mwao. Amebaki kwenye nyumba kubwa yeye na baba mkwe. Kila magharibi anatoka kwenye roshani anazima taa, moja moja. Chini, kwenye ngazi za kibanda cha upande wa pili, amekaa Jai, mwizi aliyekodiwa kuja kumkamata jambazi, anapuliza kinanda cha mdomo. Basi. Yeye anapuliza, yule anazima taa. Hawasemeshani. Mwenye muziki ni R. D. Burman, na picha nzima imejaa nyimbo za kelele na za kuchezea, lakini hapo ameweka sauti ile moja tu, nyembamba, ya kujirudia. Baadaye wanatuonyesha Radha alivyokuwa kabla hajaolewa, siku ya sikukuu yao ya kurushiana rangi: anaruka, anacheka, anasema kama Basanti, pengine kumzidi. Hapo ndipo nilipoinuka nikajifanya naenda kutazama chai.

Mwanangu, mimi eda niliikaa miezi minne na siku kumi, nikatoka, watu wakaja na udi na marashi, maisha yakaendelea. Radha eda yake haina mwisho. Na yule mzee, na ukali wake wote, anakwenda kwa baba yake Radha kumwombea aolewe tena, na baba anakubali. Mtu aliyeandika kisa hiki alijua anachokifanya. Anakupa tumaini dogo hilo, kisha Jai anakufa. Maiti inapochomwa, Radha yuko dirishani, anavuta dirisha analifunga. Hakuna aliyemwimbia, hakuna aliyemsemea. Wajukuu zangu watatu, ambao hawawezi kukaa dakika tano bila kugombana, walikuwa kimya.

Yule wa kati alishikwa na jambo jingine, ile sarafu. Jai na mwenzake kila wakitaka kuamua neno hurushiana sarafu, na Jai ndiye hushinda. Mpaka Jai anapokufa, mwenzake anaigeuza, kumbe ina sura moja pande zote mbili. Alikuwa ameshaamua siku zote, na mara ya mwisho aliamua abaki yeye kufa. Mtoto akanyamaza, kisha akaomba turudishe nyuma tangu mwanzo ahesabu mara ngapi ilirushwa. Tulirudisha. Tulilala saa nane za usiku.

Kaka yako alituhadithia pia kwamba mwisho ule wa polisi kufika na kumzuia Thakur asimuue Gabbar haukuwa mwisho uliotungwa kwanza. Katika ule wa kwanza mzee anamuua kwa miguu yake, kwa kuwa mikono alikatwa, na bodi ya ukaguzi ya India ikaukataa mwaka 1975, wakati nchi yao iko kwenye hali ya hatari. Watoto walikasirika, wanataka auawe. Mimi picha yangu iliishia dirishani.

Sasa nikwambie kwa nini. Nimefikiri sana, nikaona ni kwa sababu nililelewa na taarabu ya hapa. Wewe umezaliwa kaseti za mipasho zinapigwa kwenye daladala, mtu anatajiwa aibu yake peupe kasoro jina. Sikulaumu wala siwalaumu waimbaji, ile nayo ni kazi na ina wenyewe. Lakini mimi utoto wangu ni Black Star, kikundi cha taarabu cha hapa Tanga. Unguja walikuwa na vikundi vikubwa, vyenye ala za fidla na kanuni, Ikhwani Safaa wako tangu 1905. Vijana wa Tanga miaka ya sitini wakashika magitaa, wakapunguza watu, wakaingiza mdundo wa ngoma zetu, na kwa miguu mwendo ukawa mwepesi. Maneno yakabaki mazito. Shakila, mtoto wa Pangani, alipoimba kuhusu macho yanayocheka huku moyo unalia, bibi yako alikuwa akiacha kukuna nazi. Hakuna aliyetajwa. Kila mwanamke pale uani alijua anaimbiwa yeye. Na harusini, mwimbaji anapofika kwenye beti fulani, utamwona mtu anainuka taratibu, noti mkononi, anakwenda kutunza. Macho yote yanamfuata. Hajasema neno na ameshasema yote. Kesho yake mtaa mzima unajadili alikuwa anamlenga nani.

Likizo hii nilizipiga nyimbo hizo za Shakila kila asubuhi wakati wa kupika maandazi. Amefariki tangu 2016, na sauti yake bado inanishika palepale, hapa chini ya koo. Mjukuu mkubwa aliniuliza, "Bibi, huyu analia au anaimba?" Nikamwambia asikilize tena.

Picha ya pili niliyoipenda ni Vuta N'kuvute. Riwaya yake ya Adam Shafi uliisoma sekondari ukawa unanihadithia jikoni, ndiyo maana niliitaka. Filamu ameitengeneza Amil Shivji, ilitoka 2021, na nimeiona sasa, nimechelewa. Kisa unakijua: Unguja ya miaka ya hamsini, Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa kwa nguvu, anapokewa na Mwajuma, anakutana na Denge ambaye anawindwa na Waingereza kwa siasa zake. Nitakupa maoni yangu bila kuficha. Kwa macho ni nzuri mno. Taa, kuta zenye unyevu, kanga zinavyoanikwa, bahari usiku. Ilinirudishia harufu. Na Mwajuma ndiye roho ya picha. Ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli na udi anaupiga kwa mkono wake, kwa hiyo akifungua kinywa kuimba huoni mtu anaigiza kuwa mwimbaji. Vile anavyompokea Yasmin, bila kumhoji, bila kumhubiria, ndivyo wanawake wa pwani walivyokuwa wakipokeana. Nilimwona shangazi yako kabisa.

Lakini mapenzi ya Yasmin na Denge hayakunishika kama kitabuni ulivyonihadithia. Kuna kukaa kimya kunakosema, na kuna kukaa kimya ambako mtazamaji anaachwa mlangoni. Mara mbili tatu niliachwa mlangoni. Ningetaka nikae nao kidogo zaidi wakiwa wawili, hata wakigombana kuhusu chumvi, kabla siasa haijawachukua. Hata hivyo niliitazama tena peke yangu, watoto wamelala, na mara ya pili ilikuwa bora. Ukiipata huko itazame usiku, na simu uiweke mbali.

Zile tamthilia walizokuwa wakifungulia wajukuu jioni, sikuzipenda. Mtu yuko peke yake chumbani anasema kwa sauti, "Lazima nimkomoe, na leo ndiyo leo." Nani anafanya hivyo? Kisha muziki unapigwa juu ya maneno mpaka huyasikii. Wale waigizaji wana vipaji, nawaona, nyuso zao zinaweza. Ni kwamba hawaaminiwi kunyamaza, na sisi hatuaminiwi kuelewa. Hilo linaniuma kwa sababu ni watoto wetu, na lugha ni yetu.

Zile za kizungu na za Kikorea zilizotafsiriwa na DJ nilidhani nitazichukia. Watoto wanazipenda sana. Nikakaa nao siku moja, na nikamwelewa yule DJ: anasimulia kama babu alivyokuwa akisimulia ngano, anaweka jina la mtaa wetu kwenye mji wa watu, anamwonya shujaa asiingie. Kwa picha za mapigano inafaa. Kwenye Sholay nilimkataza kaka yako asilete iliyotafsiriwa. Pale pa taa angesema kitu.

Uliniuliza pia kuhusu muziki wa sasa, kwa ile sauti yako ya kunichokoza, ukijua nitasema hakuna kitu. Kipo. Wa kwanza ninayemsikiliza ni Zuchu. Mama yake, Khadija Kopa, ambaye ni wa rika langu, nimemsikiliza miaka yote, tangu enzi za vikundi vya TOT na Muungano vinapambana jukwaani na Dar nzima imegawanyika. Ukimsikiliza mtoto kwa makini unamsikia mama: namna anavyolivuta neno mwishoni na kulipinda, namna anavyotamka kila herufi isipotee. Hilo halifundishwi studio, limetoka nyumbani. Ninachotamani ni wampunguzie ile mitambo ajisikie mwenyewe. Siku akiimba na udi na dumbaki tu, nitapanda basi niende Dar nikamtunze.

Singeli imenishinda mwendo. Watoto waliicheza uani siku ya mwaka mpya, nikawapigia makofi, nikaingia ndani.

Nimeandika kurasa nyingi kuliko nilivyokusudia, na kalamu inaanza kufifia. Jambo moja sikumwambia kaka yako. Siku ile Majestic, picha ilipokwisha, watu wamesimama wanatoka, baba yako alipita karibu yangu kwenye njia ya kati. Hakunisemesha, na wala hakuweza, nilikuwa na mama yangu na shangazi wawili. Alipiga mluzi wa ile sauti ya kinanda cha mdomo, polepole, akatoka nje. Nilijua. Nilidhani nimesahau, miaka yote hii, mpaka Jai alipoanza kupuliza sebuleni kwangu na watoto wamejazana mkekani.

Itafute picha hiyo, mwanangu. Ukifika pale pa magharibi, Radha na taa zake, isimamishe kidogo kisha unipigie simu, hata kama ni usiku wa manane. Na wewe uniandikie unasikiliza nini ukiwa peke yako huko.

Msalimie mumeo, na mtoto mbusu shavu zote mbili.

Wako mama,
Tanga