Re: Lake District mwezi wa kumi, bila gari
Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi asiye na gari anaweza kuzunguka Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mwezi wa kumi, na mvua itakuwaje. Anaweza. Mimi nilishuka treni Windermere, nikapanda basi namba 555 mpaka Keswick. Kata kadi ya reli ya umri wa miaka 16 hadi 25, inapunguza theluthi ya nauli ya treni. Mvua haikwepeki: Seathwaite, kule bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Mwavuli uache nyumbani, upepo utaupindua. Tafuta koti lisilopitisha maji na buti. Mimi nilikwenda na raba, ujuaji tu; jioni nakamua soksi nje ya hosteli, kondoo wananitazama wanatafuna majani, hawana habari.