Re: Naogopa kurudi kujifungulia hospitali

Pole, dada. Unasema mkunga alikufokea na kukupiga mapajani ulipojifungua mtoto wa kwanza, na sasa una mimba ya miezi saba na unafikiria kuzalia nyumbani. Hofu yako naielewa kabisa, ila nyumbani hapana: damu ikitoka nyingi baada ya kuzaa, hutakuwa na muda wa kutafuta usafiri.

Tafuta msindikizaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza kila mama awe na mtu amtakaye muda wote wa uchungu. Uliza kliniki sasa hivi kama wanaruhusu, usingoje siku yenyewe. Mhudumu mkali mara nyingi hupunguza sauti akiona kuna jicho jingine chumbani (nimeyaona haya). Huyo mtu ajue mapema unachotaka: kutembea, kuchuchumaa badala ya kulala chali, kuelezwa kabla ya kupimwa njia. Mwongozo huohuo unakataa kuongezewa njia (kukatwa ukeni ili mtoto apite) kwa mazoea tu, kwa hiyo kuuliza "kwa nini?" si ujeuri.

Wakikudhalilisha tena, msindikizaji wako aandike saa na alichokiona, mkalalamike kwa muuguzi mkuu.