Chembe sahani: zinaziba mshipa, kisha zinaita mafundi

Shikamoo daktari. Baba alipata kiharusi, tukaambiwa chembe sahani ziliganda zikaziba mshipa wa ubongo. Mwili unazitengeneza za nini?

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Zinatengenezwa ili tusivuje damu. Ni vipande vidogo visivyo na kiini, humeguka kutoka seli kubwa za uboho wa mifupa. Mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu, na kila moja huishi siku 7 hadi 10. Utando wa ndani wa mshipa ukiwa mzima, hupita zake. Ukichubuka, kolajeni, nyuzi za protini zilizo chini yake, hujitokeza nazo chembe sahani hunasa hapo. Ateri iliyojaa mafuta ikipasuka, kwao ni jeraha kama jeraha lingine. Hufanya kazi ileile, na donge huziba njia.

Kitu kinachoziba mshipa kinawezaje tena kuuponya?

Hapa ndipo penye utamu. Chembe sahani zikishanasa hazikai kimya. Humwaga vilivyomo ndani yake, ikiwemo protini iitwayo SDF-1. Uboho huachia kwenye damu seli chache changa, seli tangulizi, ambazo zina kipokezi cha protini hiyo, CXCR4, na huvutwa kuelekea inakotoka. Zikifika, hukuta chembe sahani zimetoa nje protini nyingine, P-selektini, inayozishika zisisombwe na damu. Yaani aliyeziba tundu ndiye anayewapigia mafundi simu na kuwafungulia mlango.

Ila fundi hachagui kazi peke yake. Maabara, seli tangulizi zilizokuzwa pamoja na chembe sahani zimewahi kugeuka kuwa seli za utando wa mshipa, na katika mazingira mengine zikawa seli zilizoshiba mafuta, zilezile zinazojaza ukuta wa ateri mgonjwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama chembe sahani ni adui au rafiki, namuuliza kwanza: kwenye mshipa wa hali gani?

Je, seli hizo kweli zinakuwa sehemu ya mshipa?

Chache. Mtafiti Takayuki Asahara na wenzake walipozieleza mwaka 1997, wengi tulidhani vipuri vya mishipa vimepatikana. Baadaye ikaonekana kwamba nyingi ya zilizopewa jina hilo ni ndugu wa chembe nyeupe: hazijengi ukuta, bali hutoa kemikali zinazozihimiza seli za jirani zijirekebishe zenyewe. Zinazojenga kweli zipo, lakini ni adimu mno. Atakayekuuzia sindano ya "seli shina za kusafisha mishipa", mwachie sindano yake.

Ninatumia aspirini. Si ninazuia mshipa kujitibu?

Hapana. Aspirini huzima kimeng'enya kimoja ndani ya chembe sahani, nacho hubaki kimezimwa maisha yote ya chembe hiyo kwa kuwa haina kiini cha kutengeneza kingine. Kinachopungua ni kuitana kwa chembe sahani nyingine nyingi. Ya kwanza bado zinanasa kwenye jeraha. Kama una stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachowekwa kuupanua mshipa, usiache aspirini bila kumwuliza daktari wako, hata kwa ajili ya kung'oa jino.

Kwa nini wasitengeneze stenti inayozinasa seli hizo?

Walishatengeneza, ikapakwa kingamwili za kukamata seli zenye alama ya CD34. Wazo lilikuwa zuri: chuma kifunikwe haraka na utando mpya. Lakini haikuzishinda stenti zinazotoa dawa katika kuzuia mshipa usizibe tena. Sababu moja inayotajwa ni kwamba alama hiyo haibebwi na seli za ujenzi peke yake, hivyo chuma hukamata na wasiohusika.

Kipimo cha kawaida cha damu kinaonyesha seli tangulizi?

Hakionyeshi. Kinahesabu chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani tu.

Nifanye nini seli tangulizi ziongezeke?

Mazoezi ya mara kwa mara na dawa za statini vimeonekana kuziongeza kwenye damu. Sigara na kisukari huzipunguza. Mvutaji akiacha, idadi huanza kupanda ndani ya wiki chache. Statini lakini ni za kuandikiwa na daktari kwa sababu ya kolesteroli au hatari ya moyo, wala si kwa ajili ya kuongeza seli hizi.